Ruaha Mkuu: Maji ya Masika na Maji ya Kiangazi

Barabara inayotoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha inavuka mto Ruaha Mkuu pale Ibuguziwa. Mwezi wa nne unausikia mto kabla hujauona. Mwezi wa kumi unakuta mchanga mweupe, mawe makavu, na mashimo yaliyochimbwa na tembo kwa miguu na mikonga wakitafuta maji chini ya mchanga. Maji yaliyobaki yamekimbilia kwenye vidimbwi, na kila kidimbwi kina wenyewe. Viboko wamebanana humo, migongo imegusana kama magunia ya mpunga ghalani, na maji yenyewe yamekuwa mazito, rangi ya uji wa ulezi.

Naanza na kidimbwi kwa sababu mjadala wa Ruaha Mkuu huwa unaanzia mbali nacho. Unaanzia kwenye mgao wa umeme, au kwenye kesi ya mipaka kati ya hifadhi na vijiji vya wilaya ya Mbarali, na kidimbwi kinatajwa mwishoni kama pambo la watalii. Lakini hapo ndipo hesabu yote ya matumizi yetu ya maji huko juu inapolipwa, na wanaoilipa hawana mjumbe katika kikao chochote.

Kiboko hula majani nchi kavu usiku, kisha mchana anarudi majini na kunya humo humo. Mto ukiwa unatembea, kinyesi hicho ni neema: wadudu wa majini wanakila, samaki wanawala wadudu, na kinachozidi kinasukumwa mbele na mkondo. Mto ukisimama, neema inageuka sumu. Kinyesi kinarundikana chini, vijidudu vinavyokiozesha vinamaliza oksijeni, na samaki wanakosa pumzi wakiwa bado ndani ya maji. Perege ndiye wa kwanza kupanda juu na kuachama mdomo. Kambale anavumilia zaidi, maana ameumbwa na kiungo cha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo unaweza kumkuta akijipindapinda kwenye tope huku wengine wameshaelea tumbo juu. Watafiti waliofuatilia vidimbwi vya mto huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 walieleza mambo hayohayo: mkondo ukikatika, aina za samaki na wadudu wa majini zinapungua kwenye vidimbwi vyenye viboko wengi, mkondo ukirudi, uhai nao unarudi kwa sehemu kubwa. Viboko wenyewe hawasalimiki. Mwaka 2017 ugonjwa wa kimeta uliua viboko katika mto huuhuu.

Kwa hiyo anayesema mto ukikauka wanyama watahamia kwingine anasema asichokijua. Samaki hana pa kuhamia. Kiboko ngozi yake haivumilii jua la mchana kutwa, na malisho yake ya usiku lazima yawe karibu na maji. Atabaki hapo alipo mpaka mvua au kifo, kimojawapo kitangulie.

Ruaha Mkuu haukuwa hivi. Ulikuwa mto wa kudumu. Kukauka kwake ndani ya hifadhi kulianza kuonekana mwaka 1993, na tangu hapo karibu kila kiangazi mkondo unakatika, mwaka mwingine kwa majuma machache, mwaka mwingine kwa miezi mitatu na zaidi. Hapo lazima tupande juu, tukaone maji yanaishia wapi.

Mto unakusanya maji yake kwenye safu za Uporoto na Kipengere, na upande wa Mufindi unapokea maji ya Ndembera. Kimani, Chimala, Mbarali, yote inashuka kwenye tambarare ya Usangu. Na Usangu ndiko kwenye majaruba, mashamba ya mpunga yenye matuta ya kushika maji: Igurusi, Chimala, Kapunga, Ubaruku, Utengule, Madibira. Shamba kubwa la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kapunga likafuata, likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kandokando yake zikamea skimu za wakulima wadogo na mifereji ya kienyeji isiyohesabika. Anayetaka kujua mpunga umefanya nini pale aende Ubaruku wakati wa mavuno. Atakuta mashine za kukoboa zinanguruma mpaka usiku, malori yanasubiri zamu, pawatila zinapishana njiani na magunia. Nyumba za bati zimejengwa na mpunga, ada za shule zimelipwa na mpunga, na mgonjwa akipelekwa hospitali Mbeya nauli inatoka kwenye gunia lililouzwa kabla ya wakati. Mchele wa Mbeya unajulikana hadi Dar es Salaam, na wengi wanaougombea sokoni ni haohao wanaolaani kukauka kwa mto.

Nasema hivi kwa sababu sikubaliani na wale wanaomchora mkulima wa Usangu kama mwizi wa maji. Huyu ni mtu aliyeambiwa na serikali, miaka na miaka, kwamba kilimo cha umwagiliaji ndicho ukombozi wake. Alijengewa banio la kuchepusha maji ya mto, akaundiwa umoja wa umwagiliaji, akatozwa ada ya kibali cha maji. Alilima kama alivyoambiwa alime.

Ila bado mto unakauka, na sababu yake ina mantiki ambayo wengi hatukufundishwa. Katikati ya Usangu kuna Ihefu, bonde oevu ambalo ndilo moyo wa mto huu. Maji yote yanayovuka majaruba yanaingia Ihefu kwanza. Na Ihefu ni kama sufuria: pale Ng'iriama, mlango wake wa kutokea, kuna kizingiti cha mwamba. Maji hayatoki mpaka kina kipande juu ya kizingiti hicho. Kina kikishuka chini yake hata kwa kidole kimoja, mto wa chini umekufa, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna bwawa, matete na ndege. Wakati huohuo jua la Usangu linakausha sehemu ya sufuria kila siku. Wataalamu waliopiga hesabu za bonde hili walikadiria kwamba ili kiangazi zitoke Ng'iriama lita 500 tu kwa sekunde, kiasi kidogo kabisa cha kuufanya mto uitwe mto, Ihefu inahitaji kuingiziwa lita kama 7,000 kwa sekunde. Zilizokuwa zinaingia wakati huo zilikuwa karibu nusu ya hizo.

Kwa hiyo maji yanayochukuliwa kiangazi, ambayo kwa macho ya mtu wa mfereji ni kidogo, ndiyo yanayoamua kama mkondo utavuka mwamba au hautavuka. Mwezi wa tatu unaweza kuchepusha mto mwingi na bado Ihefu ikafurika. Mwezi wa tisa mfereji mmoja unaovuja unatosha kuwa na maana. Tukizungumza kana kwamba maji ya mwaka mzima ni mamoja, tunagombana bila kuelewana, na nadhani hilo ndilo limetupotezea miaka thelathini.

Chukua suala la umeme. Kila bwawa la umeme la Mtera linaposhuka na mgao kuanza, kidole kinaelekezwa Usangu. Ni kweli zaidi ya nusu ya maji ya Mtera yanatoka Ruaha Mkuu. Lakini Mtera, bwawa lenye mitambo ya megawati 80 na ambalo ndilo ghala la maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyo chini yake, hujazwa na mafuriko ya masika. Lita 500 kwa sekunde zinazohitajika mwezi wa kumi zisingeijaza Mtera hata zikitiririka kiangazi chote. Anayetaka umeme aangalie maji ya masika: yanalimishwa ekari ngapi, na bwawa lenyewe linafunguliwaje. Anayetaka kuokoa perege na viboko aangalie maji ya kiangazi. Ni maswali mawili, na jibu la moja si lazima liwe jibu la lingine. Umeme umekuwa ukitumika kumpa kiboko uzito serikalini, na matokeo yake hatua zinazochukuliwa hazimfikii kiboko.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuwa ya mifugo. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji, Wasukuma, Wabarabaig, Wamasai na wengineo, waliondolewa Ihefu pamoja na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, wakasukumwa kuelekea Lindi na Pwani. Mwaka 2008 tangazo la serikali likaiingiza Ihefu ndani ya hifadhi, na Ruaha ikapita kilomita za mraba 20,000. Sitaki kuitetea mifugo kupita kiasi. Ng'ombe wengi kwenye ardhi oevu wanakanyaga kingo, wanashindilia udongo, wanachafua maji ambamo samaki hutaga, na moto unaowashwa ili majani mapya yachipue unaunguza matete ambamo ndege wametengeneza viota. Anayeikumbuka Ihefu ya miaka ya 1990 anajua ilikuwa imechakaa. Lakini ng'ombe anakunywa ndoo mbili tatu kwa siku. Mfereji unakunywa ndoo hizo kwa kupepesa jicho. Mifugo ilitoka, na mto uliendelea kukauka mwaka uliofuata, na uliofuata, na mwishoni mwa 2022 bado viongozi walikuwa wakiagiza mifugo iondolewe Ihefu. Mfugaji alibebeshwa sehemu kubwa ya lawama kwa sababu anaonekana kirahisi na ana wachache wa kumsemea. Hilo ni kosa la haki, na pia ni kosa la hesabu.

Mwezi wa nane wa mwaka mmoja nilisimama kwenye banio dogo si mbali na barabara kuu ya Mbeya. Majaruba yote yalikuwa yamevunwa, mabua yamekauka, mbuzi wanazurura. Mfereji, hata hivyo, ulikuwa umejaa. Maji yalitembea taratibu kati ya mashamba matupu, yakatokea kijijini, yakapita nyuma ya nyumba. Dada mmoja alikuwa anajaza ndoo kwa kikombe ili asitibue tope. Hatua kumi chini yake vijana walikuwa wanafyatua tofali. Mbele zaidi mtu alikuwa na vitunguu na nyanya, labda robo ekari. Baada ya hapo mfereji ulipanuka ukawa majimaji ya matope na majani, ukaishia hapohapo, juani. Maji hayakurudi mtoni.

Nilimwamkia mzee anayegawa maji, nikamuuliza kwa nini lango halijafungwa wakati hakuna mpunga.

"Nikifunga, mwanangu, hawa watachota wapi?"

Alisema kisima cha pampu kiliharibika zamani na hakijatengenezwa. Mto wenyewe uko mbali, na njiani kuna mamba. Kwa hiyo mfereji uliochimbwa kwa ajili ya mpunga ndio bomba la kijiji, na ili ndoo ishirini au thelathini zifike kwenye nyumba ya mwisho, maji ya kujaza maelfu ya ndoo yanatolewa mtoni usiku na mchana, mengi yakinyonywa na udongo na jua njiani. Hilo halikuwa banio moja la ajabu. Sehemu kubwa ya maji ya kiangazi Usangu yanachepushwa kwa namna hiyohiyo, kwa ajili ya kunywa, kufua, tofali na bustani.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ufunguo wa mto huu umelala kwenye kisima. Kijiji chenye pampu inayofanya kazi kinaweza kufunga lango mwezi wa saba bila mtu kuonewa. Kijiji kisicho na pampu hakiwezi, hata ukikiletea mgambo. Na kisima hakigharimu kama operesheni ya kuondoa watu na mifugo.

Kuna kipindi cha pili kibaya: mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Anayewahi kupandikiza anawahi kuvuna, na anayewahi kuvuna anauza bei ikiwa bado juu. Basi wanaomudu wanaanza vitalu na kulowesha majaruba kabla mvua haijanyesha, wakati Ihefu iko chini kabisa ya kizingiti. Udongo wa Usangu ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na kuulowesha upya kunakula maji mengi. Hapa sina huruma sana. Mama wa ndoo hana njia nyingine. Anayewahi soko anayo. Umoja wa wakulima unaweza kukubaliana tarehe ya kufungua maji, na mahali ambapo jumuiya ya watumia maji ina nguvu jambo hilo linawezekana. Tatizo ni kwamba mwenye shamba kubwa la juu akifungua kwanza, wa chini hawaoni kwa nini wao wavumilie.

Kilimo shadidi nacho kinahubiriwa sana: mche mmoja mmoja, nafasi pana, shamba linaloloweshwa na kuachwa likauke badala ya kufurikishwa muda wote. Waliokijaribu wanapata mavuno mazuri kwa maji kidogo. Napenda njia hii, ila kuna mtego. Maji yanayovuja kutoka jaruba la juu mara nyingi ndiyo yanayolisha jaruba la chini, na sehemu yake inarudi mtoni. Mkulima akiokoa maji kisha akaongeza ekari mbili kwa maji yaleyale, mto haujapata hata tone. Akiba ina maana pale tu lango linapopunguzwa kwa kiasi kilichookolewa, na hilo hakuna mkulima atakayelifanya peke yake kwa hiari.

Nyanda za juu zenyewe hazina mikono safi. Makete, Njombe na Mufindi, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimelimwa kwenye mabonde ya chemchemi tangu enzi za mababu, na kiangazi ndiyo mboga, mahindi mabichi na maharage ya familia. Sheria ya mazingira ya 2004 na ile ya rasilimali za maji ya 2009 zinakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ukizipima mita 60 kila upande wa kijito cha bondeni, kinyungu chote kimekwisha. Mimi naona kinyungu cha bibi chenye matuta ya mkono si sawa na shamba la mikaratusi lililopandwa mpaka kwenye ukingo wa kijito na mtu anayeishi mjini. Mkaratusi unanyonya mwaka mzima, na hauachi unyevu wa kulisha hata chura. Sheria inavipima vyote kwa futi moja, na inayotekelezwa kwanza huwa ni juu ya bibi.

Yapo pia mambo ambayo hayahusu wingi wa maji. Dawa za magugu na wadudu zinazooshwa kwenye mfereji baada ya kupulizia. Ndege inayomwaga sumu kuua kwelea kwelea Mbarali, ambayo haichagui kwelea na mwewe aliyemla. Makokoro yenye macho madogo Mtera, yanayozoa vifaranga vya perege kabla havijakua. Haya ni madhara ya kweli, lakini mto ukiwa na mkondo una uwezo wa kujisafisha na kujaza samaki wake upya, hasa masika kambale anapopanda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Bila mkondo, kila dhara linakuwa kubwa maradufu.

Ahadi hatujakosa. Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. 2010 ilipita mto ukiwa mkavu. Aprili 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kuunusuru. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa REGROW wa dola milioni 150 kwa utalii na hifadhi za kusini, ukiwa na sehemu ya kuboresha umwagiliaji na maji juu ya Ruaha. Wanavijiji wakalalamika kuhusu kuhamishwa na ukatili. Aprili 2024 fedha zikasitishwa, na Novemba mradi ukafutwa. Walioumia wana haki yao na hakuna kiboko anayestahili kulindwa kwa damu ya mtu. Kinachouma ni kwamba ugomvi wa mipaka ulipouangusha mradi, ile sehemu ya umwagiliaji na maji nayo ikaanguka pamoja nao, na hiyo ndiyo hasa wanakijiji na samaki waliyoihitaji kwa pamoja.

Wengine wanaweka matumaini kwenye bwawa la Lugoda, Mufindi, linalotajwa kwa miaka mingi: lizuie maji ya Ndembera masika na kuyaachia kiangazi ili Ihefu ivuke kizingiti. Kwa maji ya kiangazi wazo hilo lina mantiki. Lakini bwawa linakata sehemu ya mafuriko ambayo samaki wanayategemea kutaga, na maji yakishafunguliwa lazima yapite kati ya mabanio yote yenye kiu kabla hayajafika Ihefu. Bila malango kufungwa, Lugoda itakuwa inamwagilia bustani za kiangazi.

Kwa hiyo ningeanza na kidogo, na kwa tarehe. Vihesabiwe vijiji vyote vya Usangu vinavyokunywa mfereji kuanzia mwezi wa saba. Kila kimoja kipate kisima na fundi anayejulikana jina na simu, kabla mtu yeyote hajaambiwa afunge lango. Kisha malango yafungwe kuanzia mavuno mpaka tarehe iliyokubaliwa na jumuiya za juu na za chini, shamba kubwa likitangulia kufunga na mdogo akifuata. Na kipimo cha maji cha Ng'iriama kitangazwe kila juma redioni kule Mbarali na Iringa, kama bei ya mpunga inavyotangazwa. Mzee wa banio akisikia kwamba kina kimebakiza vidole vinne kufika kwenye mwamba, atakuwa kwa mara ya kwanza anaujua mwisho wa maji anayoyagawa.